Mwaka Ainea Alipopauka

Linet alinipigia simu nikichambua sukuma wiki jikoni kwangu, hapa Kakamega mjini, na kabla hajasema neno nilijua. Watu huvuta pumzi kwa namna fulani wanapotaka kutaja kifo. "Anti, mama ametuacha," akasema, nami nikakaa chini na kisu mkononi. Nimezika wengi, na wengine wengi nimewachora wakiwa wameshazikwa, kwa hiyo mtu angedhani nimezoea. Sijazoea hata kidogo. Lakini nitasema ukweli: kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Ulinijia uso wa baba yake Linet, ule nilioutengeneza kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, jicho moja likimeta na mdomo ukiwa wa jivu, na ule woga wa siku zile ukarudi kana kwamba haukuwahi kuondoka. Nilimpa Linet pole, nikamwambia nitakuja, kisha nikakaa pale mpaka sukuma wiki ikaanza kunyauka kwenye sinia.

Habari za kwetu, wazazi na ndugu, nitaziacha, kwa sababu hazihusiki. Mwaka ninaotaka kuueleza niliuishi katika chumba kimoja sokoni Shinyalu, nyuma ya karakana ya seremala wa majeneza. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashamba ya chai, na vumbi la mbao lilipita chini ya mlango mchana kutwa. Mahali penyewe palinichagulia kazi. Mtu akishachagua jeneza huwa bado amesimama, hajui pa kwenda, na akigeuka ananiona mimi kwenye kiti na brashi, na ukutani nyuso za watu anaowafahamu. Sikuwahi kuweka tangazo. Nilichora wafu kutokana na picha za vitambulisho, zile ambazo mpiga picha amemfokea mtu asicheke, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumwondolea marehemu ile hofu ya kufokewa. Jioni niliota moto wa makapi ya seremala, nikala obusuma, ndio ugali wa kwetu, na mrenda kutoka kwa mama jirani, na nilijiona tajiri.

Nichoree juu ya nini, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Turubai iliyoandaliwa vizuri ilitoka Nairobi, nami sikuwa mtu wa Nairobi. Nilichukua plaiwudi ya seremala, nikaisugua, nikaipaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na chaki ya kusaga. Ilikauka upesi na ilionekana safi, lakini ubao wa namna hiyo una kiu. Unapoweka juu yake rangi ya mafuta, unayanyonya mafuta na kuiacha rangi peke yake, na rangi iliyonyonywa mafuta hufifia, inakuwa kavu, kama mguu wa mtoto aliyetoka kucheza kwenye vumbi. Weupe haudhuriki sana. Kahawia na weusi ndio hufa kabisa. Dawa yake naijua tangu chuoni: unangoja picha ikauke vizuri, unachukua mafuta ya kitani na tapentaini, unapaka kidogo mno, kisha unafuta mpaka udhani umefuta yote. Rangi inaamka. Ubao ukiwa na kiu sana unarudia, na pengine unarudia tena. Kila picha niliyotoa niliitoa baada ya kuipa dawa hiyo. Ya Ainea, baba yake Linet, haikungoja.

Mama Linet alikuja msimu wa kupanda, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akiwa ameifunga picha ndogo ya mume wake ndani ya kitambaa cha kichwa. Ainea alikuwa mpimaji wa chai kwenye kituo cha kununulia majani, akafa kwa homa iliyomchukua upesi, na sasa mwaka tangu kifo chake ulikuwa unakaribia kwisha na nyumba ilikuwa inajiandaa kwa ibada ya kumkumbuka. Wateja wengine huacha picha na kuondoka. Yeye alikaa. Alikuja mara nyingi, akakaa juu ya kreti ya soda na kunisimamia kama mwalimu wa hesabu.

"Hapana, mukhana," aliniambia, ndiyo namna wanawake wa kwetu wanavyomwita msichana. "Hapo umemfanya mweupe. Ainea alikuwa mweusi wa kung'aa. Alikuwa anajipakanga mafuta asubuhi mpaka nyuma ya masikio. Hata kama anaenda tu kumwaga maji."

Nikaongeza kahawia, nikaongeza weusi, nikaongeza tena. Siku nilipomaliza alicheka na kulia kwa pamoja, akasema ndiye. Nilimwomba aiache ikauke. Alisema ibada ni Jumamosi. Nikamwambia basi airudishe mahindi yakishapaliliwa, nimalizie, naye akaitikia huku akiwa ameshaifunga kwenye shuka.

Jumamosi hiyo nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma katika sebule yake, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia mlangoni moja kwa moja mpaka ukutani. Mchungaji aliomba, akaivuta shuka. Shati jeupe la Ainea lilikuwa safi vilevile nilivyoliacha. Paji la uso na jicho la kulia vilimeta. Lakini kuanzia shavuni, kushuka mdomoni na shingo nzima, alikuwa amegeuka jivu. Nilijua papo hapo kilichotokea, na bado vinyweleo vya mikono vilinisimama. Wimbo ulioanzishwa haukupata waitikiaji. Halafu shangazi yao, bibi kizee waliyemwita Senje, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza tu: "Kweri, mbona amepauka hivi?"

Aliyemjibu ni Zablon, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na boma lake ng'ambo ya ua. Alikuwa mtu nadhifu, mzee wa kanisa, na sikumbuki kumsikia akipandisha sauti hata siku moja. "Mtu hupaukanga akikosa mtu wa kumwangalia," alisema. Kisha akamtazama shemeji yake kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Nilijaribu kueleza. Nilisimama nikasema mambo ya ubao na mafuta, na wakanisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto wa mgeni anayekariri shairi. Baada ya hapo chakula kikaletwa. Wasiotoka kwetu wajue kwamba ingokho, yaani kuku, akichinjwa, firigisi, ambayo sisi twaiita imondo, ni ya mwenye nyumba, na hakuna anayeiuliza wala kuigusa. Zablon alikaa kwenye kiti cha Ainea, akageuza vipande kwenye bakuli kwa kijiko, taratibu, akatafuta mpaka chini.

"Mulamwa," alimwambia Mama Linet, yaani shemeji, "imondo iko wapi?"

Linet alikuwa mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amesimama kando ya kabati na mdogo wake, shavu limemvimba, anatafuna.

"Nimempa mwenye nyumba," Mama Linet akasema.

Zablon aliweka kijiko chini, akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika chochote, akawaita wanaume nje. Mimi nilikimbilia jikoni, nyumba ndogo ya udongo nyuma, nikijifanya nasaidia kuosha vyombo, na kupitia ukutani nikawasikia. Alisema mama wa wasichana watupu analinda nini hapa. Arudi kwao Matete. Yeye Zablon ana mpango wa kuoa, apate kijana wa kushika boma, na bibi mpya atahitaji nyumba, na nyumba ndiyo hiyo. "Na si mimi nasema," aliongeza. "Mmemwona Ainea mwenyewe." Kando yangu alikuwa amechuchumaa Rasoa, mke wa Zablon, akikwangua sufuria ya obusuma. Hakuacha kukwangua. "Mimi pia nimezaa wasichana watupu," aliniambia bila kunitazama, na akaendelea mpaka sufuria ikang'aa.

Katika majuma yaliyofuata nilimtumia Mama Linet salamu nikitaka picha irudi, naye hakuileta. Baadaye ndipo nilipojua sababu. Kila asubuhi, kabla ya kuamsha watoto, alikuwa anaishusha picha, anaiweka magotini na kumpaka mume wake mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale mazito ya kopo, kuanzia kwenye mashavu mpaka nyuma ya masikio. Nani angefikiria hilo ila mke wa mtu aliyejipaka mafuta akienda kumwaga maji? Aling'aa hadi saa nne. Kisha moshi wa jikoni na vumbi la barabara vikamganda, na kila siku akawa mweusi wa masizi juu ya jivu, mpaka mtu akiingia mle ndani alishindwa kujua kama anatazamwa au la. Wanawake waliacha kupita kuomba chumvi. Mtoto mdogo akakataa kulala chumba cha karibu na sebule. Zablon alikuja tu jioni, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia, akatazama ukuta, akaenda.

Mama Linet alikuja kwangu mwishowe mvua za Agosti zikinyesha, amelowa, hana mwavuli. Ukoo ulikuwa umeitwa kukaa. "Wanasema nimemfunga mume wangu kwa uchawi," alisema. Akakaa kwenye ile kreti, akatazama mikono yake. "Niambie ukweli, mukhana. Ni mimi?"

Nilichukua ubao wa zamani uliofifia, picha ya mtungi niliyokuwa nimeiacha kwenye kona, nikampa kitambaa na mafuta, nikamwelekeza. Alipaka, akafuta. Mtungi ulitokea kutoka ndani ya ukungu, na wekundu wake wote. Aliangalia kwa muda mrefu. Nilimwambia nitaenda kwake kesho asubuhi, nimtengeneze Ainea kimyakimya, kikao kikifika wamkute ameshapona. Akakataa. "Wakimkuta amepona watasema nimemfungua. Fanya wakiwa wamekaa. Wote waone mkono ni wako."

Leo nikifikiria, najua huo ulikuwa ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Nilikwenda siku ya kikao. Walijaa sebuleni na wengine wakasimama kwenye baraza; wazee, shangazi, watoto wa kuchungulia. Nililaza picha mezani karibu na mlango. Kwanza niliondoa mafuta ya ng'ombe kwa pamba na tapentaini, pole pole, na pamba ikatoka nyeusi, moja baada ya nyingine, na kila moja nilipoidondosha kwenye sufuria watu walivuta miguu. Uso ulipobaki mkavu ulikuwa mbaya kuliko mwanzo, jivu tupu hadi shingoni. Kisha nikachukua mafuta ya kitani na kuanza na shavu. Sijui namna ya kueleza sauti iliyotoka kwa wale watu. Haikuwa ya furaha. Shavu liliamka, na mdomo ukaamka, na ule mkunjo mdogo kando ya pua ambao mke wake aliniambia alikuwa nao kila alipopima majani ya mtu mlalamishi, na kufikia shingoni mzee mmoja alikuwa ameshatoka nje anatapika. Mama Linet alishika mdomo kwa viganja viwili. Nilimwinua Ainea, nikamwegemeza ukutani, naye akatutazama wote, mweusi wa kung'aa.

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa mdogo. Zablon alisimama, akavua kofia, machozi halisi yakimshuka. "Mnaona," alisema. "Amesikia tumekaa. Amesikia mke wake anarudi kwao, na boma lake linapata mwenyewe. Amefurahi. Mnaona alivyofurahi?"

Na wakaona. Niliwatazama wakianza kuona, mmoja mmoja, vichwa vikiitikia. Nilifungua mdomo na hakuna aliyenitazama. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuo hakikunifundisha: kwamba naweza kuitengeneza picha vizuri kadiri ya uwezo wangu, na mwenye nguvu ndani ya chumba ndiye atakayesema inamaanisha nini. Niliwachukia wote kwa moyo wangu wote, na nilijichukia na kitambaa changu mkononi.

Ni Senje, yule bibi kizee, aliyeuliza tena. "Na kama hajakubali, tutajuaje?"

"Kama hajakubali," Zablon akasema, akiweka kiganja juu ya fremu, "apauke tena. Apauke mbele ya macho yangu, na mimi sitavuka huo ua tena mpaka aniite kwa kung'aa." Wakasema amina. Mama Linet akapewa muda mpaka mahindi yavunwe.

Alinisindikiza. Tulipita kwenye kijia kati ya chai, kumeloa. Nilikuwa nalia kwa hasira. Tulipofika kwenye daraja la magogo alisimama, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Atang'aa hivyo mpaka lini?"

"Mama, ule ubao una kiu mno," nikamwambia. "Amepakwa mara moja tu. Atarudi kufifia, labda ndani ya wiki. Lakini usiogope, nitakuja nimpake mara ya pili, na ya tatu kama..."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe nikanyamaza. Alikuwa ananitazama. Chini yetu maji ya mvua yalikuwa yanapita kwa kelele.

"Usirudi," alisema.

"Mama Linet."

"Usirudi kumpaka. Na mimi sitampaka." Akafunga upya kitambaa chake cha kichwa. "Hata kama nitakuita. Hata kama nitakuja kwako nikilia."

Sikurudi. Habari zilinifuata sokoni bila kuzitafuta: kwamba shavu limeanza, kwamba mdomo umeenda, kwamba Zablon aliitwa akaja na taa ya mkononi mchana kweupe, akaimulika picha kwa karibu, akarudi kwake bila kofia. Mahindi yalivunwa na Mama Linet hakuguswa. Zablon hakuvuka ua. Aliyekuwa aolewe na Zablon aliolewa kwingine, upande wa Malava. Watu walisema Ainea amekasirika, na hasira yake ikakaa juu ya paa la nyumba ile, ikailinda kuliko ua wowote. Usidhani ilikuwa raha. Hakuna mgeni aliyekubali kula sebuleni mle. Mabinti walikua wakipita ukutani kwa kuinamisha macho. Mwaka ulipoisha nilihamia mjini, kwa sababu watu walianza kunipisha njia sokoni, na mama jirani akaacha kuniuzia obusuma.

Mara moja tu Mama Linet alikuja kwangu analia. Ilikuwa kabla sijahama. Alisimama mlangoni na kopo la mafuta, akasema amemwona asubuhi na hawezi, hawezi kumwacha mtu msafi namna ile akae hivyo, hata mara moja tu, nyuma ya masikio. Nilifunga mlango. Nikausikia mgongo wake ukiteremka kwenye mbao upande wa pili, na nikakaa chini upande wangu, tukakaa hivyo. Alimpenda mume wake, na kwa ajili ya nyumba aliyomjengea akamwacha apauke maisha yake yote yaliyobaki.

Nilifika kwa mazishi asubuhi. Turubai la wageni lilikuwa limefungwa uani, na sebuleni jeneza lilikuwa limewekwa chini ya ukuta ule, wanawake wameketi pembeni kwenye mikeka. Ainea alikuwa bado juu. Sikumtambua kirahisi, shati lilikuwa limebaki, na juu yake kiza. Linet, ambaye sasa ni mwalimu na ana mvi mbili mbele, alinishika mkono. "Anti, wewe ndiye ulimchora. Mama alale naye akiwa hivi? Hawezi kutengenezwa hata leo tu?" Mama yake hakuwahi kumwambia kwa nini tulimwacha hivyo. Nilimuuliza Zablon yuko wapi. Akasema Baba Mkubwa yuko, ataletwa, ameomba kumuaga Mama, mara yake ya kwanza kuvuka ua tangu siku zile. Macho yake yalishakwisha miaka mingi, haoni hata mkono wake.

Basi nikatuma mtoto kwa seremala wa sokoni, akarudi na chupa ya mafuta ya kitani. Nilimshusha Ainea magotini kwangu, nikamsafisha, nikampaka. Alikuwa na kiu ya miaka yote hiyo na alichukua muda. Wanawake waliacha kuimba wakasogea. Alikuja kidogokidogo, paji, mashavu, mdomo, na nilipofika nyuma ya masikio nilimwachia Linet kitambaa, akamalizia yeye. Tulipomrudisha ukutani alikuwa ni yule kijana mweusi aliyecheka na mimi kupitia kwa mke wake, akimtazama mke wake chini pale. Nililia vizuri, kilio cha kushiba.

Ndipo wakamleta Zablon. Alikuwa amekuwa mdogo, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye bega la mjukuu aliyemwacha mlangoni. Hakuliendea jeneza. Aliingia hatua chache, akainua uso kuelekea ukutani moja kwa moja, kama mtu aliyeiota njia hiyo.

"Mwanga uko wa kutosha humu?" aliuliza.

"Uko, Baba Mkubwa," Linet akasema.

"Basi niambieni. Ndugu yangu yuko namna gani?"

Niliwatazama wale wanawake, kama kumi hivi, na kila mmoja alikuwa anamtazama Ainea akimeta juu yetu. Baadhi yao walikuwepo siku ile alipoapa, wakiwa wasichana. Linet alinigeukia, hajui, midomo imeshafunguka tayari kumpa mzee habari njema, nami nikambana mkono kwa nguvu mpaka akanyamaza.

Kwenye mkeka wa kona, mwanamke mzee aliyekuwa amekunja miguu aliweka kikombe chake cha chai chini. Alikuwa Rasoa.

"Bado amepauka," alimwambia mume wake. "Haya, toka nje."